Kutoka Kipevu hadi Olkaria: Moshi Huu Ni wa Nani?

Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ina urefu wa kilomita 480 hivi. Wengi wetu twaijua kwa vituo vyake vya chai: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Makindu, Sultan Hamud. Wanafunzi huijua kwa wanyama wa Tsavo, nao madereva wa trela huijua kwa mizani ya Mariakani na ya Mlolongo. Leo, msomaji, nakualika uitazame kwa jicho jingine. Tuisafiri kama wakaguzi wa hesabu, kisha tupande hadi Bonde la Ufa, tukiuliza katika kila kituo: hapa panatoka moshi gani, na ni nani atakayeambiwa aupunguze?

Swali hili si la mzaha. Mnamo Desemba 2020 Kenya iliuahidi ulimwengu kwamba kufikia mwaka 2030 itakuwa imepunguza gesi zinazoongeza joto duniani kwa asilimia 32. Kipimo chake ni tani milioni 143, yaani kiasi ambacho kingetoka mwaka huo iwapo mambo yangeachwa yaende yalivyozoea kwenda. Ahadi ni ya taifa zima, lakini taifa halina bomba la moshi. Wenye mabomba, majiko, matrekta na ng'ombe ni watu. Kwa hivyo ahadi hiyo sharti igawanywe, sekta hii ipewe fungu lake na ile lake.

Hapo ndipo penye kazi. Mwaka 2015 nchi yetu ilitoa takriban tani milioni 93.7 za gesi hizo. Katika kila tani mia moja, kama 40 zilitoka katika kilimo na ufugaji, 38 katika ukataji wa misitu na matumizi ya ardhi, 18 katika kawi pamoja na uchukuzi, tatu katika shughuli za viwandani na moja katika taka. Mtu akizisoma tarakimu hizi juu juu atakata shauri upesi: basi mwenye ng'ombe na mwenye shoka ndio wabebe mzigo, sisi wa mjini tumekwisha kuokoka. Lakini wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twende tukaupime wenyewe.

Taa za jioni

Tuanzie Mombasa. Ukitoka kisiwani kwa njia ya Makupa na kuelekea Changamwe, upande wa bandari utaona mitambo ya umeme ya Kipevu. Mmojawapo, Kipevu III, ulianza kazi mwaka 2011 na una uwezo wa megawati 120. Chakula chake ni mafuta mazito, yale meusi yanayosalia baada ya petroli na dizeli kutolewa katika mafuta ghafi.

Mitambo ya namna hii haifanyi kazi kwa nguvu zake zote saa zote. Huhitajika zaidi kati ya saa moja na saa nne za usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi. Huhitajika pia miaka ya ukame, mabwawa ya mto Tana yanapopungukiwa na maji. Moshi huo huandikwa katika daftari la sekta ya umeme, lakini aliyeuita ni mtu wa Buruburu, wa Nyali na wa Milimani alipobonyeza swichi.

Hata hivyo, haki ya mtu apewe. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kule Turkana, mitambo 365 ya upepo yenye jumla ya megawati 310 ilifunguliwa rasmi mwaka 2019. Mwezi Juni mwaka uo huo, mahakama maalum ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu. Sekta ya umeme, basi, imekwisha kubeba sehemu kubwa ya mzigo wake. Ukiiambia ipunguze zaidi, utakuwa unakwangua chungu kilichokwisha kukwanguliwa.

Trela na treni

Kutoka Mariakani kwenda mbele, trela hufuatana kama siafu. Kando yake imenyooka reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria katikati ya mwaka 2017. Treni ile huendeshwa kwa dizeli, lakini kwa kila tani ya shehena hutumia mafuta machache kuliko lori. Mkaguzi wa hesabu za moshi angesema mara moja: mizigo yote na ipande treni!

Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa, ingawa kwa sababu nyingine. Serikali ilipoagiza makontena yapelekwe bara kwa reli, shabaha kubwa ilikuwa kupata pesa za kulipia deni la reli yenyewe. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana barabarani. Aliyeumia hakuwa mwenye malori peke yake. Alikuwa pia utingo, fundi wa magurudumu, mwenye chumba cha kulala wageni na mama wa wali na maharagwe pale Mtito. Mnamo Septemba 2022 shughuli za kutoa mizigo zikarudishwa Mombasa.

Kisa hiki kina funzo kwa wanaogawa fungu la uchukuzi. Sekta haiwi tarakimu tupu. Ndani yake mna watoto wanaolipiwa karo. Kumhamisha mtu kutoka kazi moja bila kumwonyesha nyingine ni kumtwika mzigo mara mbili.

Wenye misitu ya Kasigau

Kilomita kama 30 kabla ya kufika Voi kuna mji mdogo wa Maungu. Upande wa kusini unauona mlima Kasigau, umesimama peke yake nyikani. Nyika hiyo, karibu hekta 200,000 zinazounganisha Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, imejulikana duniani kwa biashara isiyo na gunia wala mizani. Mwaka 2011 mradi wa Kasigau ulipata hati za kaboni kwa kuzuia msitu wa nyikani usikatwe, nao ulikuwa katika miradi ya kwanza ya aina hiyo ulimwenguni.

Biashara yenyewe huenda hivi: wenyeji huacha kukata miti na kuchoma makaa, wataalamu hukisia ni tani ngapi za kaboni zimesalia ndani ya miti hiyo, kisha makampuni ya mbali hununua hati za tani hizo ili kufidia moshi wao. Fedha zikija hugawanywa, nazo zimelipia karo, maji na mishahara ya askari wa wanyamapori.

Ni jambo jema mwenye msitu kupata chochote. Lakini tazama vizuri, ndugu msomaji. Anayefunga mkaja hapa ni Mtaita na Mduruma asiye na gari, ili mwenye moshi mkubwa ng'ambo aendelee na kazi yake. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016, ikasemwa kwamba katika miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato, baada ya gharama kuondolewa. Sheria hiyo yakiri jambo moja kubwa: anayembebea mwenziwe mzigo alipwe ujira wa hamali.

Gunia la makaa

Baada ya Mtito Andei ardhi ni kavu na migunga ni mingi. Abiria wa miaka mingi wanayakumbuka magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya barabara, vichwa vimefunikwa kwa majani. Nilizungumza na mama mmoja wa huku ambaye ameyauza tangu ujana wake.

"Shikamoo, mama. Mnaambiwa nini siku hizi kuhusu miti?"

"Marahaba, mwanangu. Tunaambiwa tuache. Nami nawauliza, hawa wanaokuja na malori usiku kutoka Nairobi, wao wameambiwa waache kununua?"

Sikuwa na la kumjibu. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya makaa huhitaji kilo tano hadi kumi za kuni. Zilizobaki hupotea kuwa moshi na gesi. Moshi huo huandikwa katika fungu la misitu, kwa jina la kijiji. Mpishi yuko Kawangware au Mlolongo, naye haandikwi popote.

Mapema mwaka 2018 kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa, na mwezi Februari serikali kuu ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Amri hiyo ya pili iliondolewa mwaka 2023. Marufuku hupandisha bei ya gunia, lakini sufuria ya jioni haipoi kwa amri. Kinachoishinda makaa ni moto mwingine ulio karibu na wa bei nafuu. Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilipika kwa kuni, karibu robo kwa gesi ya mtungi, na kama moja katika kila tisa kwa makaa. Sasa kumbuka kilichotokea miaka miwili baadaye: Julai 2021 gesi ya mtungi ilitozwa ushuru wa asilimia 16. Ushuru huo ulishushwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, ukaondolewa mwaka 2023. Kwa hiyo mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukimwambia mama aliache shoka, huku mwingine ukimfungia mteja wake mlango wa gesi.

Jiwe linalotoa pumzi

Vumbi la Athi River huonekana kabla ya mji wenyewe. Viwanda vya simiti vimekuwapo hapa tangu miaka ya 1950, na kila jengo refu linaloinuka Kitengela, Ruaka au Kilimani lina mifuko yake iliyotoka kwenye matanuri kama haya.

Simiti ina tabia ya pekee. Mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la kama nyuzi 1,450 ili yawe klinka, vile vinundu vigumu vinavyosagwa kuwa simiti. Kuchoma kwenyewe hutoa moshi. Lakini zaidi ya nusu ya kaboni haitoki katika moto. Hutoka ndani ya jiwe lenyewe linapopasuliwa na joto. Hata ungelichoma jiwe hilo kwa jua, bado lingepumua. Ndiyo maana kiwanda cha simiti hakiwezi kusafishwa kwa kubadilisha kuni tu.

Lipo jambo linalowezekana: kutia klinka kidogo zaidi. Nchi yetu ina majivu ya volkano yanayofaa kuchanganywa, na mifuko mingi ya daraja la 32.5 ina mchanganyiko huo tayari. Kwa kupiga lipu na kujenga ukuta wa kawaida yatosha kabisa. Daraja la 42.5 ni la nguzo na dari za zege. Mwenye nyumba anayeitisha simiti kali kila mahali kwa kujionyesha anaagiza moshi asiouhitaji. Fungu la viwanda ni dogo leo, lakini mji unakua, na anayekua ndiye apaswaye kujifunza kubeba mapema.

Ng'ombe chumbani

Tukiupita mji wa Nairobi kwa njia ya Naivasha tunafika Uthiru. Hapa ndipo yalipo makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoundwa mwaka 1994. Katika kituo chake kiitwacho Mazingira, ng'ombe huingizwa katika chumba kilichozibwa vizuri, akapewa majani na maji, na wanasayansi wakapima kila pumzi atoayo. Ng'ombe anapocheua hutoa methani, gesi ambayo tani yake moja, katika muda wa miaka mia, huongeza joto mara 28 hivi kuliko tani ya kaboni dayoksaidi.

Kwa nini kazi hii ni muhimu? Kwa sababu kwa miaka mingi ng'ombe wa Afrika alihesabiwa kwa vipimo vya kukisiwa, vingi vikitoka katika mashamba ya nchi za mbali. Watafiti wa hapa walipoupima mkojo na samadi ya ng'ombe wetu, walikuta kwamba gesi zake ni chache sana kuliko zilizokuwa zikiandikwa katika vitabu vya hesabu. Mizani ikiwa mbovu, mgawo nao hauwezi kuwa wa haki.

Aidha, mfugaji wa Kajiado au Marsabit hahitaji kuambiwa apunguze mifugo. Ukame wa kuanzia 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini, na ukame huo hakuuleta yeye. Akisaidiwa kupata majani bora, chanjo na soko la haki, ng'ombe mmoja atatoa maziwa ya watatu. Gesi ya kila lita itapungua bila mtoto kukosa maziwa. Hiyo ndiyo njia ya kumpunguzia mtu moshi huku ukimwongezea riziki.

Kabla hatujaondoka mjini, tuikumbuke Dandora, ambako jaa la taka limepokea uchafu wa Nairobi tangu mwaka 1975. Fungu lake katika hesabu ya taifa ni dogo, lakini ndilo fungu ambalo familia yaweza kulishika kwa mkono. Maganda ya ndizi na makombo ya ugali yakifukiwa chini ya takataka nyingine bila hewa huoza na kutoa methani. Yakiwekwa kando na kugeuzwa mbolea, hayatoi nyingi. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu taka yaagiza zitenganishwe kuanzia pale zinapotoka, yaani jikoni mwako.

Mvuke wa usiku

Safari yetu inaishia kusini mwa ziwa Naivasha, ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Jina Olkaria latokana na neno la Kimaasai la udongo mwekundu ambao morani hujipaka. Miamba ni myekundu kweli, na katikati yake mabomba makubwa yamejipinda huku na huku, mahali pengine yameinuliwa juu ili twiga na punda milia wapite chini. Mvuke mweupe hupanda kwa ngurumo. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza mwaka 1981. Leo bonde hili lina uwezo wa zaidi ya megawati 800.

Hata hapa hakuna cha bure. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha mtambo wa Olkaria IV. Zililalamika hadi Benki ya Dunia, na mapatano yakafikiwa mwaka 2016 baada ya usuluhishi. Umeme safi nao una waliotoa viwanja vyao.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni la usiku wa manane. Saa hizo viwanda vingi vimelala na nyumba zimezima taa. Kisima cha mvuke hakizimwi kama bomba la maji, kwa hivyo mvuke mwingine huachwa uende hewani bila kugeuzwa umeme. Saa mbili za usiku tunachoma mafuta Kipevu. Saa nane za usiku tunamwaga mvuke Olkaria!

Hapa ndipo ninapoona jibu la swali letu. Kugawana mzigo hakumaanishi kila sekta ikate kipande chake na kujitenga. Sekta iliyo nyepesi yaweza kuiazima bega sekta iliyolemewa. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na pikipiki za umeme zinaongezeka. Mwaka 2023 halmashauri ya kusimamia kawi iliweka bei maalum ya umeme wa vyombo hivyo, nayo ni nafuu zaidi saa za usiku. Basi likijazwa umeme saa nane za usiku, ni Olkaria inayoipunguzia Thika Road moshi. Jiko la umeme likiwa la bei anayoiweza mtu wa Kawangware, ni mvuke huo huo unaouokoa mgunga wa Kibwezi.

Na aliye na uwezo ndiye atangulie. Mwenye magari mawili uani aanze kabla ya mwenye punda. Mjenzi wa ghorofa kumi aanze kabla ya mwenye mbuzi kumi. Huo ndio msimamo ambao Kenya yenyewe imeushika mbele ya mataifa. Sisi hutoa sehemu ndogo sana ya gesi za dunia, nasi tulisema mwaka 2020 kwamba tutagharamia asilimia 13 ya mpango wetu, na 87 zitoke kwa msaada wa nje. Tunawaambia matajiri wa dunia kwamba moshi uhesabiwe kwa aliyefaidika nao. Yafaa tuambiane maneno hayo hayo nyumbani.

Leo jioni, kabla ya chakula, chukueni kalamu na karatasi na watoto wenu. Andikeni taa zilizowashwa, safari za gari za wiki, lita za maziwa, kilo za makaa au mtungi wa gesi, na ndoo za taka. Kando ya kila kimoja andikeni mahali moshi wake unapotokea: Kipevu, Mlolongo, Kibwezi, Kajiado, Dandora. Mtaona kwamba jina la nyumba yenu limo katika kila sekta, ingawa daftari la taifa halikuliandika.